Waya Nyekundu ya Mashine ya Kahawa

Mwaka 1977 nilikuwa mwanagenzi wa umeme Mji Mkongwe, Unguja, na nilijiona nimeshazijua rangi zote. Nyekundu laivu, nyeusi nyutro, kijani ethi. Hivyo ndivyo Waingereza walivyotuachia, na ndivyo zilivyokuwa waya tulizozivuta kwenye kuta za mawe na chokaa. Fundi wangu, mzee tuliyemwita Maalim kwa kuwa jioni alisomesha Kurani, alikuwa ameshaanza kuniachia kazi ndogo ndogo za plagi na holda.

Bi Mkubwa mmoja wa Malindi akatuletea mashine ya kusagia kahawa. Ilikuwa ya chuma mwili mzima, nzito, ameipata kwa Mjerumani aliyekuwa akirejea kwao. Miaka ile Wajerumani Mashariki walikuwa wamekuja kutusaidia kujenga majumba ya Kikwajuni na Michenzani. Plagi yake haikuingia kwenye soketi zetu. Nikaikata, nikaichuna kamba, nikakuta waya tatu: nyeusi, ya kijivu na nyekundu. Sikujiuliza. Nyekundu nikaifunga kwenye laivu, nyeusi kwenye nyutro, na ya kijivu, kwa kuwa ndiyo iliyobaki, nikaipa ethi. Nikakaza skrubu, nikampelekea mwenyewe bila ya kuijaribu.

Kwao Ujerumani, mpaka katikati ya miaka ya 1960, nyekundu ndiyo iliyokuwa waya ya kinga, yaani ethi. Nyeusi ilikuwa laivu, kijivu nyutro. Kwa hiyo nilikuwa nimeupeleka umeme kwa mkono wangu kwenye chuma cha mashine, na mota nikaiacha haina kitu. Bi Mkubwa alipowasha, mashine ikakaa kimya. Kimya kile ndicho kilichomponza. Akadhani buni zimekwama, akaishika kwa mikono miwili aitikise, naye yuko pekupeku juu ya sakafu ya saruji iliyotoka kupigwa maji.

Umeme ukiingia kiganjani misuli hujikunja na vidole hufumba. Mtu hawezi kuachia hata akitaka. Mjukuu wake, mtoto wa miaka kumi hivi, hakumgusa bibi yake. Alikimbilia swichi ya soketi akaizima. Sijui nani alimfundisha, lakini mpaka leo namwombea dua. Bi Mkubwa alianguka, akapona, na kiganjani akabaki na alama mbili nyeupe za kuungua. Nilizitazama kila aliponiwekea kikombe mbele yangu, miaka yote mpaka alipofariki.

Maalim hakunipiga wala hakunitukana. Aliifungua mashine juu ya meza, akaniambia niifuate ile waya nyekundu kwa kidole. Ikaipita swichi, ikaipita mota, ikaishia kwenye skrubu iliyokazwa kwenye chuma cha mwili. "Umesoma rangi," akasema, "hukusoma waya." Nililia pale pale. Bi Mkubwa naye hakutaka kuiona tena mashine nyumbani kwake, akaniachia.

Tokea hapo nimekuwa mtu wa kuuliza habari za rangi, na kila nilipouliza nilizidi kuingiwa na hofu. Mmarekani laivu yake ni nyeusi na nyutro ni nyeupe. Kwetu wakati ule nyeusi ndiyo nyutro. Kifaa cha jamaa aliyerudi kutoka huko, mbali na kuwa kimetengenezwa kwa volti 120 nasi tuna 230, kinakuja na rangi inayosema kinyume cha tunachokijua. Mataifa ya Ulaya yaliliona balaa hilo, yakakubaliana juu ya rangi za kamba za vifaa: kahawia laivu, buluu nyutro, na kijani yenye mistari ya manjano ethi. Waingereza walizianza kwenye kamba za vifaa mwaka 1970, lakini ukutani waliendelea na nyekundu na nyeusi mpaka mwaka 2004, na ilipofika 2006 za zamani hazikuruhusiwa tena kwenye kazi mpya. Sisi tuliofuata vitabu vyao tukaishi na lugha mbili ndani ya nyumba moja: pasi inazungumza kahawia na buluu, ukuta unazungumza nyekundu na nyeusi.

Mistari ile ya manjano si pambo. Niliwahi kuwa na kijana hodari, mikono myepesi, ambaye nilimwona akisitasita kila nikimwomba waya ya kijani. Siku moja akaniambia kwa aibu kwamba kijani na nyekundu kwake ni kitu kimoja. Wanaume wenye macho ya namna hiyo si wachache, na wengi hawajijui. Hebu fikiria kamba ya zamani, laivu nyekundu na ethi kijani, imo mkononi mwa mtu kama yeye. Kwa rangi mpya alifanya kazi bila ya wasiwasi, kwa sababu mistari huonekana hata kwa asiyeitambua rangi, na kahawia na buluu ni vigumu kuchanganywa. Siku hizi ana leseni yake na wanafunzi wake.

Kazi niliyoipenda kufundisha kuliko zote ni kufunga plagi ya pini tatu. Wengi huidharau. Ukiifungua na kuitazama kwa ndani, ethi ikiwa juu, kahawia inakwenda kulia kwenye fyuzi, buluu kushoto. Pini ya ethi ni ndefu kuliko wenzake ili iingie mwanzo na kutoka mwisho, na ndiyo inayofungua vifuniko vya matundu mawili ya soketi. Mimi huiacha waya ya ethi ndefu kidogo ndani ya plagi, ilegee. Kamba ikivutwa kwa nguvu, laivu na nyutro zichomoke kwanza, ethi iwe ya mwisho. Na kibano cha kamba lazima kibane ganda la nje, si waya zenyewe. Fyuzi ya ampea 13 kwenye kamba nyembamba ya taa ya mezani ni kosa. Hapo panataka ya ampea 3, maana fyuzi inailinda kamba, na kamba nyembamba huungua kabla ya fyuzi kubwa kukatika.

Mwaka 2007 tulikuwa tukiongeza vyumba kwenye hoteli moja ya kaskazini. Umeme wa fezi tatu. Kebo ya zamani ilikuwa nyekundu, manjano na buluu kwa fezi, nyeusi kwa nyutro. Kebo mpya ilikuwa kahawia, nyeusi na kijivu kwa fezi, buluu kwa nyutro. Vijana wangu wawili wakaunga kama macho yalivyowaambia: buluu kwa buluu, nyeusi kwa nyeusi. Kabla ya kuruhusu breka yoyote ya vyumbani ifungwe, nikaweka mita baina ya kahawia na buluu. Nilitarajia 230. Ikasoma 400. Mafriji, feni na taa za vyumba vingi vingeungua mara moja, na wageni wamo ndani. Tulizima, tukaunga upya, tukabandika karatasi mlangoni mwa bodi: HUMU MNA RANGI ZA ZAMANI NA MPYA, PIMA KABLA YA KUGUSA. Niliwaandikisha wao wenyewe, kwa mkono wao.

Rangi ikiwa si sahihi inaweza kuponywa na kipimo. Linaloniumiza zaidi ni waya isiyokuwapo kabisa. Nimefungua eksitensheni mpya kutoka dukani, matundu matatu mazuri kwa nje, ndani waya mbili tu. Tundu la ethi linaishia hewani. Mama anachomeka jagi la chuma akiamini analindwa. Na ulipokatika umeme Unguja nzima kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kila mtaa ukanguruma majenereta, watu wakatengeneza kamba zenye plagi pande zote mbili, upande mmoja kwenye jenereta, wa pili kwenye soketi ya nyumba. Ukichomoa upande wa nyumba, unashika pini tupu zenye umeme. Nilikata kamba hizo kwa plaisi yangu nyumba kwa nyumba, wengine wakanikasirikia. Nilikuwa radhi.

Mashine ya kahawa ninayo bado, juu ya rafu ya karakana, na kamba yake ya Kijerumani sijaibadilisha. Kila mwanafunzi mpya humpa siku ya kwanza, haijachomekwa popote, nikamuuliza laivu ni ipi. Wiki iliyopita alikuja binti wa miaka kumi na tisa. Akaishika nyekundu haraka, kama nilivyoishika mimi. Nikampa mita, nikamwambia, "Pima, mwanangu." Akaweka ncha moja kwenye ile nyekundu, nyingine kwenye chuma cha mwili. Mita ikalia. Akanitazama, kisha taratibu akaondoa mkono wake juu ya mashine.