Thumuni ya Mke

Juma lililopita nilimkaripia binti yangu wa darasa la nne kwa kushindwa hesabu za sehemu. Nilijisahau. Mimi, ambaye leo kamati ya msikiti hunikabidhi mahesabu yake, nililia chuoni tulipofika mlango wa mirathi. Sikuelewa vipi thumuni iwe ndogo kuliko robo, ilhali nane ni kubwa kuliko nne.

Ustadhi wangu hakunicheka. Alinibakisha baada ya Alasiri, akakata mkate wa kumimina vipande vinane. "Mume kafariki, kaacha mke na watoto. Mpe mjane haki yake." Nikatoa kimoja. "Na lau hakuacha watoto?" Nikatoa viwili.

Usiku uleule nilimwomba binti yangu radhi, nikampa mkate na kisu. Vipande vyake havikulingana. Tukaanzia hapo.