Barua kwa Hakimu

Wiki hii zamu ya kuandika imetuangukia sisi wa kundi la jioni, wale tunaokaa chini ya mwembe nyuma ya madarasa. Tulitaka kuandika mambo ya mpira. Lakini kuna kitu kinatuuma, basi tukaona bora tukiseme.

Wengi wenu mnajua yaliyotokea siku mgao ulipopunguzwa. Wenzetu watatu walikaa chini barabarani, mbele ya geti la ugawaji. Hawakurusha jiwe, hawakutukana mtu. Walikaa tu, wameshika sufuria tupu. Malori yakasimama karibu saa tatu. Wakakamatwa, wakashtakiwa kwa kufunga njia, na mahakamani wakakiri. Hukumu yao ni Alhamisi.

Mama wa mmoja wao akatujia jioni: "Wanangu, nyinyi mnajua kuandika. Mwandikieni hakimu amhurumie mwenzenu." Tukaitikia ndiyo mama. Alipoondoka tukaangaliana. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwandikia hakimu. Unaanzaje? Unasema nini?

Kaka mmoja wa kundi letu, anayependa kusoma habari za dunia kwenye simu, akatutolea kisa cha Marekani. Usiku wa tarehe 28 Julai 2012, watu watatu waliingia kiwanda kinachoitwa Y-12, mji wa Oak Ridge, jimbo la Tennessee. Humo ndimo Marekani inatunza urani ya silaha za nyuklia. Mmoja alikuwa sista wa Kikatoliki, Megan Rice, miaka 82, aliyefundisha shule Afrika Magharibi kwa miaka mingi. Wenzake walikuwa Michael Walli na Greg Boertje-Obed, wote wawili waliwahi kuwa wanajeshi. Walikata seng'enge, wakafika hadi ukuta wa jengo lenyewe, wakaandika maneno ya amani kwa rangi, wakamwaga damu, wakagonga ukuta kwa nyundo. Mlinzi alipofika, hawakukimbia. Waliimba na kumpa mkate.

Mzee mmoja wa Likasi, ambaye huwa anapita pale kusikiliza, akatukatiza. "Ile majiwe ilitokaka kwetu, batoto. Shinkolobwe." Tukanyamaza. Akaeleza kwamba urani nyingi ya bomu la Hiroshima, lililopigwa tarehe 6 Agosti 1945, ilichimbwa Katanga wakati wa Mbelgiji. Na kiwanda kilichoitayarisha urani ya bomu lile kilikuwa hicho hicho cha Oak Ridge. "Bazee betu ndio balichimbaka. Hakuna mutu aliyebaambia ni ya nini."

Kumbe habari tuliyodhani ni ya wazungu wa mbali, mguu wake mmoja uko nyumbani kwetu.

Tukarudi kwenye kesi. Mwanzo wale watatu walishtakiwa kosa dogo, kuingia mahali bila ruhusa. Baadaye mashtaka yakapanda hadi hujuma dhidi ya ulinzi wa taifa, kosa ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka 20. Mei 2013 wakakutwa na hatia. Kabla ya hukumu, watu wengi walimwandikia hakimu kumwomba awapunguzie. Tarehe 18 Februari 2014 sista, wakati huo akiwa na miaka 84, alipewa miezi 35. Wenzake walipewa miezi 62 kila mmoja. Ni nyingi, lakini ni chini ya ile iliyoombwa na waendesha mashtaka. Mei 2015 mahakama ya rufaa ikafuta lile kosa la hujuma, ikiona kwamba walichofanya hakikuwa cha kudhoofisha ulinzi wa nchi. Wakatoka, wakiwa wamekaa ndani miaka miwili.

Hapo mabishano yakaanza. Dada mmoja akasema: "Sheria ni sheria. Walikata uzio, si ndiyo?" Ni kweli, na wenyewe hawakukana. Mwingine akajibu kwamba kuomba huruma si kusema hakuna kosa. Ni kumwambia hakimu apime: mtu huyu alitaka nini, alimuumiza nani, na baada ya hapo alikimbia au alisimama? Aliyekata uzio ili aibe na aliyekata uzio ili aseme jambo, huwezi kuwapima kwa kibaba kimoja.

Lakini sista mwenyewe alitushangaza. Mbele ya hakimu aliomba asihurumiwe, akasema kubaki gerezani maisha yake yote kungekuwa zawadi kwake. Tulilijadili sana hilo. Tukaona yeye alikuwa na haki ya kusema hivyo kwa ajili ya nafsi yake. Wenzetu hawajasema hivyo. Mmoja ana mtoto wa miezi saba.

Basi tukaanza kuandika. Rasimu ya kwanza ilikuwa hasira tupu, ukurasa mzima juu ya njaa. Tukampelekea mfanyakazi mmoja wa shirika, tunayemwamini. Aliisoma polepole, halafu akasema: "Kwenye lori moja siku ile kulikuwa na unga wa uji wa watoto wa kliniki. Walisubiri hadi jioni." Hatukujua. Tuliona aibu, tusidanganyane.

Tukaichana, tukaanza upya. Barua ya sasa inasema wenzetu walifunga njia na kwamba watoto walichelewa kula kwa sababu hiyo. Inasema walikaa kwa amani, askari alipowaambia wainuke waliinuka, na ni mara yao ya kwanza kufika mahakamani. Inasema ni kina nani: mmoja anafundisha watoto kusoma, mmoja anashona viatu, mmoja huamka usiku kubeba wagonjwa kwa baiskeli. Inaomba wapewe kazi za jamii badala ya kifungo, na sisi tumeahidi kuzifanya pamoja nao, hata kama ni kushusha unga wa kliniki kila siku ya mgao.

Imebaki sehemu ya majina. Hapo ndipo penye shida. Sisi wakimbizi, jina kwenye karatasi ya serikali linatutisha. Kuna aliyesema ana faili la kuhamishiwa nchi ya tatu, anaogopa lisije likaharibika. Kuna aliyesema baba yake alitia sahihi karatasi kule nyumbani, na tangu siku hiyo hawajamwona. Hatuwezi kuwaambia hofu yao ni ya bure.

Mpaka leo yapo majina kumi na moja. La kwanza ni la yule dada aliyesema sheria ni sheria. Tulipomuuliza, akajibu, "Bado nasema hivyo hivyo. Ndiyo maana nataka hakimu anisikie."

Tutakuwa chini ya mwembe hadi Jumatano saa kumi na mbili jioni, kalamu ipo. Anayeweza aje. Asiyeweza tunamwelewa, wala hatutamuuliza kwa nini. Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnaotusoma hapa, kama mnawafahamu vijana hawa, maneno yenu mawili yangesaidia kuliko yetu ishirini.

Alhamisi tutawaambia ilivyokuwa.