Nani Aliyeifungua Barua?

Sisi tuliolelewa vyuoni twajua kuwa neno halipokewi kwa kuwa limeandikwa tu. Huulizwa: umelipata kwa nani, naye alilipata kwa nani? Maimamu wa hadithi walisafiri nchi hata nchi kwa ajili ya swali hilo. Basi tulipoanza kusoma jinsi wataalamu wa sayansi wapimianavyo kazi zao, tulitazamia kukuta ukali uo huo.

Utaratibu wao ni huu. Makala ikisha kuandikwa, mhariri wa jarida huipeleka kwa mabingwa wawili au watatu wa fani ile ile, waipime kabla haijachapwa. Aghalabu hawalipwi. Hutazama njia ya uchunguzi, hesabu, na hoja. Amma marejeo yaliyo mwishoni, ambayo huweza kufika hamsini na kupita, ni nadra kufunguliwa moja moja. Yakiwapo, huonekana yatosha.

Haya si mambo madogo, wasomaji wetu. Januari 1980, jarida kubwa la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapa barua ya sentensi tano. Ilisema kwamba katika wagonjwa 11,882 waliopewa dawa za kutuliza maumivu za jamii ya afyuni, wanne tu ndio walioonekana kushikwa na uraibu. Lakini hao walikuwa wamelazwa hospitali, mbele ya macho ya waganga. Barua haikusema lolote juu ya mtu apewaye vidonge akaenda navyo nyumbani, akavimeza miezi na miezi. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walizikusanya kazi 608 zilizoitaja. Kazi 439 ziliitumia kuwa ushahidi kwamba uraibu ni nadra, na 491 hazikutaja kabisa kuwa wagonjwa wale walikuwa wamelazwa. Sentensi tano! Kikombe cha kahawa hakipoi kabla hujamaliza kuzisoma.

Hatusemi kuwa barua hiyo peke yake ndiyo iliyoleta msiba. Wauza dawa walikuwa na sehemu yao, tena kubwa. Ila kati ya 1999 na 2017 dawa za jamii hiyo, za hospitali na za magendo, ziliua Marekani watu wapatao 400,000, na kila mmoja wao alikuwa na mama.

Wapo wasemao kuwa mpimaji ana kazi zake, na kumtaka afungue marejeo yote ni kumwonea. Twakubali. Lakini katika makala yoyote kuna marejeo mawili au matatu ambayo hoja nzima imesimama juu yake; hayo hana udhuru wa kutoyafungua, wala mwandishi aliyemtangulia hana.

Jarida lenyewe liliweka onyo juu ya barua ile mwaka 2017, kuwa imetajwa mno bila ya kuchunguzwa. Ilikuwa imekwisha kutajwa kwa miaka 37.