Ukucha wenye Meno ya Kitana

Mlinzi wa shule, nje kidogo ya Tanga, alininong'oneza jina hilo kama anayetaja jini: babewatoto. Yuko darini, juu ya stoo ya mahindi. "Ukimsikia usiku, mwanangu, usimjibu wala usimtupie jiwe. Nyamaza tu apite." Vijana wa mtaani hawamsikilizi, mawe yao yamejaa juu ya bati.

Nilimwona magharibi ilipoingia. Uso mweupe wenye umbo la moyo, miguu mirefu, kifua cha rangi ya mchanga chenye madoa. Hakulia "huu, huu" kama bundi wa msituni. Alikwaruza, sauti ya kitambaa kigumu kinachochanwa.

Wiki iliyofuata, Nairobi, kwenye ukumbi wa ndege wa Makumbusho ya Taifa, niliinama mpaka pua ikagusa kioo. Sisi wote tunawaita bundi, lakini wataalamu wamewagawa katika familia mbili. Strigidae ndio wengi, wenye uso wa duara. Tytonidae, familia ya babewatoto, ni wachache, na alama yao imejificha mguuni: ukucha wa kidole cha kati una meno kama ya kitana, na kidole cha ndani kinalingana nacho kwa urefu. Tangu siku hiyo sitazami uso wa bundi kwanza, natafuta vidole.

Norfolk, Uingereza. Mwenyeji wangu, mkulima, alinionyesha tundu karibu na kipeo cha ukuta wa ghala kuukuu. Waashi wa zamani waliliacha makusudi ili bundi aingie kula panya. Leo wakulima wanatundika na visanduku vya kutagia. Jua lilikuwa bado halijazama bundi alipopita juu ya majani, mweupe kuliko wetu, nami sikusikia hata upepo wa bawa lake. Kingo za manyoya yake zina vinyweleo vinavyomeza sauti. Masikio hayako usawa mmoja, moja juu kidogo ya jingine, ndiyo maana humkamata panya hata gizani kabisa.

Huyu na wa Tanga ni spishi moja, Tyto alba, ambayo mtaalamu Scopoli aliieleza mwaka 1769 kwa jina Strix alba. Wa Marekani naye alihesabiwa humo kwa miaka mingi, lakini sasa orodha nyingi zimemtenga: Tyto furcata. Bahari imewatenganisha wale. Sahara haikututenganisha sisi.

Wa kunihuzunisha ni bundi yule wa milima ya Itombwe, Kongo mashariki. Alipatikana mmoja mwaka 1951, mtaalamu Schouteden akamwingiza katika jenasi Phodilus mwaka uliofuata, na hakushikwa tena hadi 1996. Wengine wanaona ni Tyto. Kumpanga vizuri kunahitaji kumwona, na misitu yake inakatwa.

Nilirudi Tanga. Chini ya dari tuliokota matonge ya manyoya na mifupa ambayo bundi huyatapika, tukayapasua kwa kijiti. Mafuvu manne ya panya, na moja la kirukanjia. Mlinzi aliyapanga kwenye ngazi ya stoo, akayatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama yule wa Ulaya naye hulia hivi. Nikamwambia ndiyo, mkwaruzo ule ule.