Mpiga Gofu na Desturi Zake Kabla ya Kupiga

Yamkini msomaji amewahi kupita kando ya kiwanja cha gofu, akiwa ndani ya basi au akiswaga ng'ombe wake barabarani, akamwona mtu mzima mwenye kofia amesimama mbele ya kijipira cheupe. Mtu yule hukitazama, akarudi nyuma, akatazama mbali, akapunga fimbo hewani pasipo kugusa kitu, akakisogelea tena, akachezesha miguu kama kuku anayetafuta mahali pa kuatamia. Na mwisho, baada ya hayo yote, ndipo apige. Wengi wetu hucheka tukaenda zetu. Lakini kwa miaka minne sasa jambo hilo limeingia nyumbani mwetu na kuwa habari ya fedha na ya mifugo, na kwa hiyo naomba nafasi nilieleze kama nilivyoliona.

Katika kandanda mpira humjia mtu ukikimbia, wala hapati wasaa wa kuogopa; mguu huamua kabla ya kichwa. Mpira wa gofu umelala pale chini, umetulia, unamngoja. Tangu fimbo ianze kwenda nyuma hata igonge mpira, sekunde mbili hazipiti. Mchezaji hodari hupiga mara sabini na kidogo katika mashimo 18, na mzunguko huo huchukua yapata saa nne. Basi ukijumlisha (na kujumlisha ndiyo kazi inayonilisha) utaona kwamba kupiga kwenyewe hakufiki dakika tatu. Muda wote uliosalia ni kutembea, kungoja na kuwaza, na hofu humpenda sana mtu anayengoja. Kwa sababu hiyo kila mpiga gofu wa maana amejiwekea desturi yake, mambo machache ayafanyayo kwa mpango ule ule kabla ya kila pigo, ili muda ule wa hatari usibaki mtupu.

Mdogo wangu alianza kubeba mifuko ya wachezaji alipokuwa darasa la saba, kwa kuwa kwetu nyanda za juu kiwanja kipo ng'ambo tu ya mashamba ya chai. Hiyo ndiyo njia waliyopitia wachezaji wengi wa Kiafrika wa Kenya: kwanza ukedi, halafu fimbo kuukuu ya kupewa, halafu kucheza jioni wenyewe wakiisha kuondoka. Leo ana miaka ishirini na minne, na nia yake ni kuishi kwa mchezo huo. Mimi ni karani. Fimbo sijui kuishika, ila saa ninayo na daftari ninalo, na tangu mwanzo nilipokwenda kumtazama nikawa naandika sekunde zake.

Mwaka wa kwanza zilikuwa kumi na tisa, au ishirini. Alisimama nyuma ya mpira akiangalia mbele, akachagua kitu kidogo ardhini, jani kavu au kovu la udongo, mwendo wa hatua moja mbele ya mpira kwenye mstari ule ule wa kule anakotaka kwenda. Halafu alipunga fimbo mara mbili, akaingia, akaelekeza uso wa fimbo kwenye lile jani, akapanga miguu, akatazama mbali mara moja, akapiga. Nilipomwuliza habari za jani akaniambia, "Kaka, bendera iko mbali mno kuilenga. Jani liko hapa hapa."

Baadaye nilisoma kwamba njia hiyo ni ya Jack Nicklaus, Mmarekani aliyeshinda mashindano makubwa ya dunia mara 18. Yeye alisimulia ya kwamba hata kabla ya kuusogelea mpira huliona pigo lote akilini: kwanza mahali mpira utakapotua, kisha njia yake angani, kisha yeye mwenyewe akipiga. Jason Day wa Australia, aliyeshinda ubingwa wa PGA wa Marekani mwaka 2015, husimama nyuma ya mpira akafumba macho kabisa hata picha imjie. Gary Player wa Afrika Kusini alikuwa akisukuma goti lake la kulia ndani kidogo, na hiyo ndiyo ilikuwa ishara ya kuanza. Naye Ben Hogan, katika kitabu chake cha mwaka 1957, alieleza kwa kirefu ule mtikiso mdogo wa fimbo nyuma ya mpira, akisisitiza kwamba si uchezeaji wa bure bali ni mikono kuonjeshwa pigo linalokuja.

Hili la Hogan halitamshangaza mkulima. Mtu anayepasua kuni haanzi na shoka lililosimama kama mti; huliinua kidogo, akaligusisha kwenye gogo palepale anapotaka, ndipo alipandishe. Mwili unaotoka katika utulivu wa kukakamaa huruka kwa ghafula, bali mwili uliokwisha kuanza kutikisika huendelea tu. Na habari ya macho imechunguzwa na wataalamu. Profesa Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary, nchini Kanada, alitoa mwaka 1992 matokeo ya uchunguzi wake juu ya wachezaji wanapousukuma mpira shimoni. Aliona ya kuwa kwa wale hodari macho hutulia mahali pamoja kwa muda mrefu zaidi kabla ya kupiga, na kwa wasio hodari hurukaruka huku na huku. Basi desturi ikiwa nzuri huyafikisha macho nyumbani kwa wakati wake.

Walakini dawa hii ikizidi kipimo huwa sumu, na hapo ndipo ilipoanza shida ya nyumbani kwetu.

Mwaka wa pili daftari langu linaonyesha sekunde thelathini na moja. Mwaka wa tatu, hamsini. Na siku moja ya upepo, sekunde sabini na nne. Sikuelewa zilikotoka hata nilipoyaandika matendo yenyewe moja moja. Kila alipopiga vibaya aliongeza kitu. Mpira ulipoingia vichakani mwezi wa Machi, akaongeza kupunga fimbo mara ya tatu. Alipokosa shimo kwa karibu mwezi wa Juni, akaongeza kuvuta kofia. Halafu kupangusa kiganja kwenye suruali, halafu kutazama mbali mara nne badala ya moja. Wala hakuna hata kimoja alichokiondoa. (Ofisini tuna fomu za namna hiyo. Kila kosa la karani aliyetangulia limezaa kisanduku kipya cha kujaza, na sijaona bado fomu iliyopata kufupishwa.)

Halikumpata yeye peke yake. Sergio García wa Hispania, katika mashindano ya wazi ya Marekani ya mwaka 2002 huko Bethpage, New York, alikuwa ameshikwa na mazoea ya kukaza na kulegeza vidole juu ya fimbo tena na tena, kiasi cha mara ishirini na zaidi, na watazamaji wakawa wanamhesabia kwa sauti na kumdhihaki. Kevin Na, mwaka 2012 huko Florida, aliianza siku ya mwisho ya mashindano makubwa akiongoza wote, lakini hakuweza kuurudisha mkono nyuma. Aliinua fimbo akasita, akaondoka, akarudi, na mara nyingine alipunga fimbo juu ya mpira makusudi ili apate kuanza upya. Watu walimzomea, na ushindi ukaenda kwa mwingine. Hao ni watu wenye waalimu, wenye madaktari wa akili na wenye fedha benki. Kijana wa kwetu ana kaka yake na saa.

Mwaka jana katika siku za mchujo, ambapo nafasi zilikuwa chache na waombaji wengi, mwamuzi alimwonya kwa kukawia kwenye shimo la tano. Kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2019 zashauri mchezaji apige katika sekunde 40 tangu zamu yake ifike pasipo kizuizi, na anayekawia kupita kiasi huongezewa pigo moja. Kwenye shimo la kumi na moja akaongezewa hilo pigo. Alishindwa kwa mapigo matatu, kwa hiyo siwezi kumlaumu mwamuzi, ambaye alikuwa mtu wa haki na aliongea naye kwa upole. Lakini Mama alikuwa ameuza mtamba kwa ajili ya kiingilio, nauli na malazi ya siku zile. Mtamba yule angezaa mwaka huu.

Nyumbani palikuwa na mashauri ya namna mbili. Mzee mmoja aliyebeba mifuko kiwanjani tangu ujana wake, na ambaye sisi sote humwita Baba, alisema hayo yote yatupwe. "Mwanangu," akamwambia, "mlipokuwa watoto mlipiga kwa fimbo za mti wa mkwaju na mipira iliyopasuka, nani alipunga hewani? Uone, upige." Ni neno lenye heshima zake, maana mzee yule amewaona wengi. Lakini sikukubaliana naye, na nilimweleza kwa adabu. Mtoto hupiga bila kuwaza kwa sababu hapana mtamba nyuma yake. Ukimvua mtu mzima desturi yake yote ukamwacha mbele ya mpira na deni, hatarudi utotoni. Atabaki na deni tu.

Fikira yangu nyingine niliipata Muthaiga, mwaka 2024, katika mashindano ya Kenya Open, ambayo yalianza mwaka 1967 papo hapo na ambayo Seve Ballesteros aliyashinda mwaka 1978. Nilisimama kando ya kamba siku mbili pamoja na daftari langu. Sikushangazwa na ufupi wala urefu wa maandalio ya wageni wale, maana walitofautiana sana. Mmoja alipiga kama mtu aliyeitwa kula, na mwingine alitazama kila unyasi. Kilichonishangaza ni kwamba kila mmoja alifanana na yeye mwenyewe. Aliyevuta mkono wa shati kwenye shimo la pili, pasipo na mtu ila mimi na askari wa mlangoni, aliuvuta vile vile kwenye shimo la mwisho mbele ya umati, na sekunde zake zilitofautiana na za asubuhi kwa mbili au tatu tu. Makedi wao nao walijua kipimo. Waliongea, wakataja masafa na upepo, kisha kwa neno moja la mwisho wakajiondoa kando kabisa. Na kanuni yenyewe, tangu mwaka ule wa 2019, yamkataza kedi kusimama nyuma ya mchezaji kwenye mstari wa mpira mchezaji aanzapo kupanga miguu.

Basi tuliporudi nyumbani tuliandika desturi mpya kwenye karatasi, na nilimtaka aipige sahihi kama mkataba, jambo lililomchekesha. Hatua nyuma na jani. Kupunga mara moja. Kuingia, miguu, kutazama mbali mara moja, pumzi kutoka, pigo. Sekunde ishirini na mbili. Akikatizwa na ndege, au na wazo, au na mtu aliyekohoa, asijaribu kuokoa katikati. Airudishe fimbo mfukoni na kuanza tangu jani. Pigo likiharibika, karatasi haibadiliki mpaka mwisho wa mwezi, na mabadiliko hupitia kwangu. Sharti hili la mwisho ndilo alilolipinga zaidi. Nilimtulizia roho kwa habari ya Nicklaus, ambaye mwaka 1962 huko Portland aliadhibiwa mapigo mawili kwa ukawiaji, na bado akayashinda mashindano yale yale.

Tunafanya mazoezi alfajiri siku za Jumamosi, kabla wenyewe hawajafika. Majuma ya kwanza yalikuwa mabaya sana, kwa kuwa mkono wake uliitafuta kofia kama mtu anayetafuta jino lililong'olewa. Mara nyingi sekunde ishirini na mbili zilipita akiwa amekakamaa, nami nikasema "rudisha", naye akarudisha fimbo bila kunitazama. Siku moja Mama alikuja na chai, akakaa juu ya gogo akitazama kwa muda. Kisha akauliza, "Huyu sasa amekwisha kupona, au ni kwa vile mimi nipo?" Hakujibiwa na mtu.

Daftari la mwezi uliopita linaonyesha ishirini na mbili, ishirini na tatu, ishirini na mbili, na arobaini na moja mara moja, siku mzee wetu alipokuja kusimama karibu. Mchujo ni mwezi ujao. Safari hii Mama hauzi kitu, na mwenyewe amekubali kwamba ni haki. Tangu Januari anabeba mifuko siku tano kwa juma, na kiingilio amekwisha kukilipa yote isipokuwa shilingi mia nane, ambazo ninazo mimi. Nimeomba likizo ya siku mbili, na mkuu wangu wa kazi ameniuliza ni ya nini.