Buigiri na Vyombo vya Umeme

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Morogoro, akiisha kupita Ihumwa na Chamwino, hufika Buigiri baada ya kilomita zipatazo 35. Nchi ni ile ile ya Ugogo: tambarare yenye mibuyu minene, vilima vya mawe kwa mbali, miiba, na vumbi ambalo wakati wa kiangazi huingia hata ndani ya chungu cha mlenda. Mvua hunyesha tangu Desemba hata Aprili, tena si nyingi. Miezi mingine yote ni jua. Ukiwaamkia wazee kwa “Mbukwenyi” watakujibu kwa furaha, kisha watakuuliza habari za utokako, na umekuja kwa chombo gani.

Swali hilo la chombo si la bure, maana Buigiri ni mahali ambapo njia kuu imepita mlangoni. Zamani misafara ya pembe za ndovu iliyotoka pwani ilivuka nyika ya Marenga Mkali isiyo na maji, ikaingia Ugogo, na wakubwa wa misafara wakawalipa watemi hongo ya nguo na shanga ili wapite na kuteka maji. Baadaye likaja gari moshi, lililofika Dodoma mwaka 1910. Leo zapita lori ndefu ziendazo Rwanda, Burundi na Kongo, mchana na usiku. Na kando ya lori hizo, kama vifaranga kando ya ng’ombe, zapita bodaboda, bajaji, baiskeli, na mikokoteni ya punda iliyopakia madumu ya maji.

Tena tangu tarehe 25 Julai 2024 watu wa nchi hii wameona jambo jipya, yaani gari moshi lisilo na moshi. Treni ya umeme ya Dar es Salaam na Dodoma hupita katika wilaya hii ya Chamwino, na kituo chake kimoja ni Igandu. Hukimbia hata kilomita 160 kwa saa, na safari iliyokuwa ya kutwa nzima kwa basi sasa ni ya saa nne hivi. Ilipoanza, nauli ya kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Basi watu waliokwisha kuona umeme ukivuta mabehewa yaliyojaa abiria huanza kuuliza: Ukiweza hayo, utashindwaje kunipeleka mimi sokoni?

Ni swali zuri, nasi tulijibu kwa hesabu wala si kwa maneno matupu.

Pikipiki ya kawaida ya bodaboda huenda kilomita 40 hivi kwa lita moja ya petroli. Kwa hiyo kutoka Buigiri mpaka Dodoma mjini ni lita moja, au pungufu kidogo. Katika miaka ya 2024 na 2025 lita hiyo ilikuwa ikipanda na kushuka, lakini haikuwa chini ya shilingi 2,700, na mara nyingine ilipita 3,200. Na anayenunua kwa chupa kandokando ya njia hulipa zaidi. Pikipiki ya umeme ya kadiri ile ile hutumia uniti tatu au nne kwa kilomita 100. Safari yetu ya Dodoma, basi, yataka uniti moja na nusu. Kwa bei ya kawaida ya TANESCO, ambayo ni shilingi 292 kwa uniti, na kodi na tozo zake hufika 356 hivi, safari hiyo haifiki shilingi 550. Tofauti ya 550 na 2,700 kila mama wa nyumbani aielewa bila kushika kalamu.

Wengine watasema, “Mimi nyumbani kwangu nalipa shilingi 100 tu kwa uniti.” Ni kweli, lakini bei hiyo ni ya nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Ukichaji pikipiki uniti mbili kila siku, umekwisha kutumia 60 kabla hujawasha taa wala redio. Utatolewa katika daraja hilo, na watoto watakuuliza kwa nini LUKU yaisha upesi hivi.

Kwa motokaa hesabu huelekea huko huko. Wako watumishi wengi wakaao Dodoma na kufanya kazi Chamwino, hasa tangu Serikali ilipohamia makao makuu na Ikulu mpya ya Chamwino kuzinduliwa Mei 2023. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 60 au 70 kwa siku. Motokaa ndogo ya petroli hunywa lita tano. Ya umeme hutumia uniti kumi na moja au kumi na mbili, ambazo ni shilingi elfu nne na kitu. Mtu mwenye nyumba yenye umeme, mwenye njia ya lami, anayejua asubuhi atakwenda wapi na jioni atalala wapi, huyo sioni sababu ya kumkataza. Lakini na ajihadhari na motokaa kuukuu za umeme zinazotoka ng’ambo. Nissan Leaf za miaka ya kwanza, mathalani, betri zake hazikuwekewa mfumo wa kupoozwa, na joto huzidhoofisha. Iliyokwenda kilomita 150 ilipokuwa mpya yaweza kufika kwako ikienda 80 tu. Ukinunua gari kuukuu la petroli hutazama injini. Ukinunua la umeme, itazame betri kwanza. Mengine yote ni rangi.

Lakini Buigiri si mji wa motokaa. Hapa chombo cha watu ni pikipiki, na kijana anayeiendesha mara nyingi si yake. Ameichukua kwa mkataba: kila siku hupeleka hesabu kwa tajiri wake, shilingi elfu nane au kumi, mpaka muda uishe na chombo kiwe chake. Kijana huyo hafikirii bei ya mwaka mzima. Afikiria hesabu ya leo jioni. Mwambie kwamba pikipiki ya umeme haitaki oili wala plagi, atakubali. Mwambie kwamba ikichajiwa yaenda kilomita 60 mpaka 100, atanyamaza, maana safari moja ya Dodoma na kurudi ni 70. Abiria wa pili akija saa tisa alasiri, naye betri iko chini, je, amwambie angoje saa nne ichaji?

Huko Kigali walilitatua jambo hili kwa kubadilishana betri. Tangu 2019 dereva hufika kituoni, hutoa betri iliyokwisha, hupewa iliyojaa, akaenda zake, kama tunavyorudisha mtungi mtupu wa gesi tukachukua uliojaa. Utaratibu huo ukafanikiwa hata Serikali ya Rwanda ikaamuru kwamba tangu Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria Kigali zisiandikishwe ila za umeme. Nairobi nako vituo vya namna hiyo vimeenea. Lakini Kigali ni mji, nyumba zimekaribiana. Toka Buigiri kwenda vijiji vya Handali au Mvumi, upite kwenye mchanga unaofika nusu ya gurudumu, na wakati wa masika uvuke makorongo. Nani atakuwekea kituo cha betri huko kwa ajili ya pikipiki sita? Mchanga wenyewe hula umeme. Ile kilomita 80 iliyoandikwa katika karatasi ya muuzaji ilipimwa juu ya lami, mtu mmoja, bila gunia la mtama.

Hapa yafaa tukumbuke jirani yetu Kongwa, upande wa mashariki wa Buigiri. Mwaka 1947 Waingereza waliteremsha matrekta huko walime karanga kwa wingi usiopata kuonekana. Mengine yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Mibuyu iliwashinda, na udongo wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama sementi. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya kuteketeza paundi zipatazo milioni 36. Mitambo haikuwa mibaya. Ilifika kabla ya mtu kuuliza mvua ni kiasi gani na udongo ni wa namna gani, na wazee waliokaa hapo miaka yote wangaliweza kujibu kwa dakika tano.

Na umeme wenyewe je? Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 nchi nzima ilionja mgawo, na wakazi wa Dodoma wenye umri mkubwa wakumbuka pia 2006 na 2011, maji ya Mtera yalipopungua. Tangu Februari 2024 mashine za bwawa la Julius Nyerere zimeanza kufanya kazi moja baada ya moja, na zote tisa kwa pamoja zina uwezo wa megawati 2,115. Kwa hiyo umeme wa kutosha upo. Kinachosumbua ni nyaya na transfoma za kuufikisha kijijini. Jua nalo tunalo bure. Bamba la wati 400 kwa jua letu hili hutoa kama uniti mbili kwa siku, ndiyo safari ya Dodoma na ziada. Ila jua huwaka mchana, na mchana pikipiki iko kazini. Hapana budi kuwa na betri ya pili ikingoja nyumbani, na betri ndiyo iliyo ghali katika chombo chote. Tena asiyejua asidanganywe: ziko za asidi, nzito na rahisi, ambazo kwa bodaboda huchoka kwa mwaka mmoja au miwili, na ziko za lithiamu, ghali, zinazodumu mara kadhaa ya hizo.

Sasa nafikia jambo ambalo sikuliona katika tangazo lo lote la wauzaji, nalo ndilo linalonishughulisha zaidi nikiwa Buigiri. Hapa pana shule ya watoto wasioona, iliyofunguliwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Mtoto asiyeona huisoma barabara kwa masikio. Lori hulijua lingali mbali. Bodaboda huijua kwa mlio wake, naye husimama. Chombo cha umeme hakina mlio. Katika mwendo mkubwa matairi huvuma juu ya lami, lakini katika mwendo mdogo, kandokando ya njia penye mchanga, ambako pikipiki huwakwepa watu, hutasikia kitu mpaka imekugusa.

Nchi nyingine zimeliona. Katika Umoja wa Ulaya, aina mpya za motokaa za umeme tangu Julai 2019, na motokaa mpya zote tangu Julai 2021, zimelazimishwa kuwa na kifaa cha kutoa sauti ziendapo chini ya kilomita 20 kwa saa. Marekani nao wameweka sheria yao. Lakini sheria ile ya Ulaya ni ya magari ya magurudumu manne. Pikipiki haimo! Wao huenda hawakuwa na sababu kubwa ya kuifikiria, kwa kuwa huko mtoto hapelekwi shule kwa pikipiki, wala pikipiki haipiti baina ya wachuuzi wa vitunguu. Sisi tunayo sababu.

Ningeulizwa, ningesema tuanze na bajaji za umeme za safari fupi, kati ya Buigiri, Chamwino na mashamba ya zabibu ya Chinangali, ambako ni karibu na betri haiishi njiani. Njia kuu penye lori tuziachie vyombo vyenye mbio za kutosha, maana skuta ndogo isiyozidi kilomita 45 kwa saa, ikifuatwa na lori lenye tela, ni hatari kwa kila aliyepanda. Na kabla ya chombo cha kwanza kuandikishwa hapa, wauzaji na wakubwa wa halmashauri na waende shuleni wakakae na walimu na watoto, wavipitishe vyombo hivyo polepole mbele yao, wawaulize ni sauti gani wanaisikia upesi na kwa umbali gani. Kifaa cha sauti si kitu cha fedha nyingi, nao watoto wale wataweza kueleza waziwazi kipi kinawafaa.