Kutafuta Kulipokuwa Bure

Katika Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, miaka ya 1980, gari likikataa kuwaka asubuhi halikuwa shida ya mwenye gari peke yake. Baba alikuwa na Peugeot 404, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1960. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na baridi ya Juni na Julai ilipokaza, kila jirani alijua kazi yake: huyu ashike usukani, wale wasukume, na mwenye mkono wa nguvu azungushe manivela. Likigoma bado, aliitwa Papa jirani, fundi wa karakana za Gécamines, kampuni ya madini.

Kabla ya kushika ufunguo wowote aliuliza: "Jana ilizimika yenyewe, ao ni weye uliizima?" Kisha alitafuta vitu viwili, moto na esansi. Alichomoa waya wa buji moja, akasogeza ncha yake karibu na chuma cha motere, akaamuru mtu apige demareri. Cheche ya buluu ikiruka, moto upo. Isiporuka, alifungua delko inayogawa moto kwa mabuji, akasugua platine zake kwa msasa laini na kurudisha mwanya wake kwenye milimita 0.4. Moto ukiwapo, alinusa buji: iliyolowa maana yake esansi imezidi, kavu maana yake tuangalie pampu na karibirateri. Yote hayo tuliyaona kwa macho, na hakuna aliyelipia. Fundi alipewa chake motere ilipounguruma.

Miaka ya 1990 Gécamines ikaanguka, mishahara ikachelewa, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaanza kuachishwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Wenye ujuzi kama Papa walifungua gereji chini ya miembe. Lakini magari nayo yalikuwa yakibadilika. Kutoka Dar es Salaam, kupitia Tunduma na Zambia hadi mpakani Kasumbalesa, yalimiminika magari ya Kijapani yaliyotumika, usukani wake kulia ilhali sisi twaendesha upande wa kulia wa barabara. Mengi hayakuwa na delko wala karibirateri. Pampu imejificha ndani ya tangi, na kompyuta ndiyo inayoamua esansi imwagwe lini. Lenye gia otomatiki hata likisukumwa na mtaa mzima haliwaki. Majirani wakabaki kutazama.

Ndipo ikaja valize, kile kifaa kinachochomekwa chini ya dashibodi na kusoma makosa. Gari langu lilikuwa likizimika likipata joto, na likipoa linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Valize ikatoa P0335, yaani mzunguko wa sensa ya krenkishafti. Gereji moja ikauza sensa mpya, ikafunga, ikachukua pesa. Kesho yake gari likazima tena.

Kijana aliyejifunza kazi kwa Papa aliomba alipwe kwanza kwa kutafuta tu. Nilinung'unika, maana nilikuwa bado na hesabu za Katuba. Alianza na betri: volti 12.6 ikiwa imetulia, na haikushuka chini ya 10 demareri ilipopigwa. Ikawa si betri. Akaacha motere ipate joto mpaka ikazima, kisha akafuata waya za sensa kwa kipimo cha volti. Ganda la waya mmoja lilikuwa limeyeyuka karibu na bomba la moshi. Joto likipanda, waya uligusa chuma. Valize haikudanganya: ilitaja mzunguko wote, na muuza sensa akasoma kipande kimoja tu.

Hapo nikaelewa tulichokuwa tukipewa bure na Papa. Alifidia saa za kuuliza na kunusa kwa mshahara wa kampuni, nasi tukidhani ni ujirani peke yake. Kijana hana mshahara huo. Siku hizi nalipa kutafuta kando, kutengeneza kando, na pesa ya kwanza ndiyo inayoniokoa na vipuri nisivyovihitaji.